Viongozi wa Dini Waliolala Stendi: Uchambuzi wa Kisa cha Gulu, Juni 2003

Mwezi Juni mwaka 2003, katika mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki alitoka nyumbani kwake jioni, akaenda stendi ya mabasi, akatandika chini na kulala. Alikuwa pamoja na Askofu Nelson Onono-Onweng wa Kanisa la Anglikana, Askofu Macleod Baker Ochola aliyekuwa amestaafu uongozi wa dayosisi ya Kitgum, Sheikh Musa Khalil aliyekuwa kadhi wa Acholi, eneo ulimo mji wa Gulu, na viongozi wengine wa dini. Walilala hapo siku nne mfululizo. Pembeni yao walilala watoto ambao kwao stendi haikuwa jambo la siku nne bali desturi ya kila siku. Jua lilipoanza kushuka watoto hao walitoka vijijini na katika kambi za waliohamishwa na vita kwa miguu, gunia au kipande cha blanketi kichwani, wadogo wakishikwa mkono na wakubwa wao, wakalala kwenye baraza za maduka, kwenye viwanja vya makanisa, katika ua wa hospitali ya Lacor na popote palipokuwa na ukuta au taa, kisha alfajiri wakarudi makwao, na wengine wakapitiliza shuleni. Walikuwa wakikimbia waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), ambao waliingia vijijini usiku kuteka watoto: wa kubeba mizigo, wa kushika bunduki, na wasichana wa kugawiwa makamanda.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama picha nzuri ya mshikamano, na picha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, ikitazamwa peke yake inaficha jambo gumu zaidi. Wazee wale walikuwa wakilala kati ya watoto waliowakimbia waasi, na papo hapo ndio waliokuwa wamepigania, kuliko mtu mwingine yeyote nchini, sheria ya kuwasamehe waasi haohao. Aliyewaona wamejilaza pale stendi alikuwa na haki ya kuuliza: mnawasamehe kwa niaba ya nani? Uchambuzi huu unalifuata swali hilo.

Inafaa kwanza kujua kwamba dini haikuingia katika vita hivi ikiwa na mikono safi. Baada ya jeshi la Yoweri Museveni kuiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, wanajeshi wengi Waacholi wa serikali iliyopinduliwa walikimbilia kwao kaskazini, na miongoni mwa makundi ya uasi yaliyozuka lilikuwamo lile la Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, aliyewapaka wapiganaji wake mafuta akiwaahidi kwamba risasi hazitawapata. Jeshi lake lilifika hadi karibu na Jinja kabla ya kusambaratishwa mwishoni mwa 1987. Joseph Kony, kijana wa Odek, alifuata njia hiyohiyo ya kudai kuongozwa na roho, akaunda kundi lililokuja kuitwa LRA na kusema anapigania utawala wa Amri Kumi za Mungu. Jina la Mungu, basi, lilikwisha kutangulia msituni kabla ya maaskofu kufika huko.

Makanisa yenyewe nayo hayakuwa yakipatana. Katika siasa za Uganda tangu uhuru, chama cha DP (Democratic Party) kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki na UPC (Uganda People's Congress) kuwa cha Waanglikana, kiasi kwamba watani walizigeuza herufi za DP zikawa «Dini ya Papa». Huko Acholi utani huo ulikuwa na makali, kwa sababu familia, shule na hata vijiji viligawanyika kwa mstari huo. Kwa hiyo mwaka 1997 Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu walipoanza kukutana na kuunda Jukwaa la Amani la Viongozi wa Dini wa Acholi, linalojulikana kwa ufupisho wa ARLPI, na baadaye Waorthodoksi wakajiunga nao, kazi ya kwanza ya upatanisho ilikuwa baina yao wenyewe. Nadhani hili halipewi uzito unaostahili. Mwanajeshi au mwasi aliyezoea kumpuuza padri kwa kuwa ni mtu wa DP, au mchungaji kwa kuwa ni mtu wa UPC, sasa alikabiliwa na ujumbe mmoja kutoka kwa watu ambao asingeweza kuwatenga kirahisi.

Ndani ya jukwaa hilo alikuwamo mtu ambaye bila yeye hoja ya msamaha ingesikika kama maneno ya watu walioketi mahali salama. Askofu Ochola alimpoteza binti yake, aliyejiua mwaka 1987 baada ya kubakwa na waasi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, mke wake aliuawa na bomu la kutegwa ardhini. Huyu ndiye aliyezunguka akisema waasi wasamehewe. Mtu anaweza kutokubaliana naye, na wengi hawakukubaliana naye, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui analolisema.

Mwezi Juni 1998 jukwaa liliitisha mkutano mkubwa mjini Gulu chini ya jina la Kiacholi Bedo Piny pi Kuc, yaani kuketi chini kwa ajili ya amani. Msisitizo uliojitokeza wakati huo, na katika mashauriano ya wananchi yaliyofuata, ulikwenda kinyume na matarajio ya serikali. Rasimu ya kwanza ya sheria ya msamaha ilikusudia kuwaacha nje waliotenda makosa makubwa kama mauaji, ubakaji na utekaji. Waacholi wakasema hapana, msamaha uwe wa wote. Sababu yao haikuwa ya kitheolojia hasa. Ilikuwa kwamba walioko msituni na bunduki walitekwa wakiwa watoto, na mzazi hawezi kuomba jeshi liende likamuue mwanawe ili amani ipatikane. Viongozi wa dini waliibeba hoja hiyo hadi Kampala, na Bunge likapitisha Sheria ya Msamaha mwezi Desemba 1999, ikaanza kutumika Januari 2000. Kila aliyepigana dhidi ya serikali tangu 26 Januari 1986 aliweza kusamehewa, madhali ameacha uasi na kusalimisha silaha.

Sheria hiyo inasomeka kwa namna ya kuvutia katika mambo mawili. La kwanza, inapotaja watu ambao mwasi anaweza kujisalimisha kwao, pamoja na jeshi, polisi, chifu na hakimu, inamtaja pia kiongozi wa dini wa mahali husika. Mlango wa nyumba ya padri au wa imamu ukawa, kisheria, mlango wa kutokea msituni. La pili linahusu neno lenyewe. Sheria inaufafanua msamaha kuwa ni kuachiliwa, kusamehewa au kuondolewa mashtaka na adhabu ya dola, ikichanganya katika sentensi moja kitendo cha mahakama na kitendo cha moyo. Kiacholi hakina maneno mawili ya kutenganisha vitendo hivyo, kwani timo kica ni kusamehe na ndiyo pia tafsiri ya sheria ile. Sisi wenye Kiswahili tuko vilevile. Rais anapotoa msamaha kwa wafungwa siku ya Uhuru na jirani anapomsamehe jirani aliyemkosea, neno ni moja, ingawa wa kwanza hakuibiwa chochote na wa pili ndiye aliyeibiwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha mafanikio na cha kasoro ya kazi yote ya ARLPI. Neno lenye maana mbili lilisafiri haraka. Lilipotangazwa redioni, hasa baada ya kituo cha Mega FM kuanzishwa Gulu mwaka 2002 na kipindi chake cha Dwog Paco, yaani rudi nyumbani, ambamo waliotoroka LRA walizungumza kwa sauti zao wenyewe kuthibitisha kwamba hawakuuawa waliporudi, aliyekuwa msituni alisikia vyote viwili kwa pamoja: serikali haitakushtaki, na mama yako bado anakungoja. Makamanda wa LRA walikuwa wakiwatisha mateka kwamba anayerudi nyumbani huuawa na jeshi, na dawa ya tishio hilo ilikuwa sauti ya mtu anayefahamika. Zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali ya uasi Uganda walipata msamaha kwa sheria hiyo katika miaka 12 ya mwanzo, na karibu nusu yao walitoka LRA. Hakuna operesheni ya kijeshi iliyowatoa msituni watu wengi kiasi hicho wakiwa hai.

Lakini neno lilelile liliwafikia pia waliobaki nyumbani, na wao hawakuwa wameulizwa mmoja mmoja. Aliyerudi alipewa hati ya msamaha pamoja na godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu na shilingi 263,000 za Uganda. Tuitazame siku hiyo kwa macho ya jirani. Nyumba yake ilichomwa moto, jembe lake liliibwa, mumewe alikatwakatwa kwa panga, na kutwa anapanga foleni ya chakula cha msaada kambini. Mbele yake anapita kijana aliyekuwa upande wa waliomfanyia hayo, amebeba godoro jipya, na redio inamwambia kwamba wamesamehe. Manung'uniko ya namna hiyo yalisikika kote kambini, na si haki kuyaita ukosefu wa imani. Dola ilikuwa imetoa msamaha wake, kisha ikahesabu kwamba na wa mama yule umekwisha kutolewa.

Viongozi wa dini hawakuwa vipofu kwa hilo, na ndiyo maana waligeukia mila, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kwamba askofu na tambiko haviwezi kukaa nyumba moja. Wakishirikiana na machifu chini ya Rwot David Onen Acana II, walihimiza taratibu mbili hasa. Moja ni nyono tong gweno, kukanyaga yai, anayofanyiwa mtu aliyekaa mbali kwa muda mrefu anaporudi nyumbani. Yai bichi huwekwa chini pamoja na kijiti cha mti wa opobo, ambao maganda yake huteleza kama sabuni, na layibi, mti wa kuinulia paa la ghala la chakula. Anayerudi hulikanyaga yai likapasuka, kisha huingia uani. Ni jambo la dakika chache, na wengi waliotoka msituni walilipitia.

Ya pili, mato oput, ndiyo iliyopata sifa ulimwenguni, na hapa ni lazima tuwe waangalifu. Maana yake ni kunywa oput, mzizi mchungu sana wa mti huo. Ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa hukutanishwa na wazee baada ya muda mrefu wa upatanishi, muuaji hukiri, fidia inayoitwa culo kwor hukubaliwa na kulipwa, na mwisho pande zote mbili hupiga magoti na kunywa uchungu ule katika kibuyu kimoja. Askofu Ochola aliutetea utaratibu huu mbele ya wageni wengi, akionyesha kwamba haki inayotafuta kuunganisha tena walioachana haiko mbali na Injili. Sina ugomvi na theolojia yake. Shida iko katika utendaji. Mato oput inadai ukweli, na ukweli unadai ijulikane nani alimuua nani. Watu mia mbili wakivamia kambi kwa pamoja usiku, nani atakiri kifo cha nani, na ukoo gani utalipa ng'ombe wangapi? Zaidi ya hayo, huo ni utaratibu wa Waacholi, na LRA haikuwaua Waacholi peke yao. Huko Barlonyo, katika nchi ya Walango, zaidi ya watu 300 waliuawa tarehe 21 Februari 2004. Hakuna mzizi wa Kiacholi uliokuwa na mamlaka juu ya makaburi hayo. Hata miongoni mwa Waacholi wenyewe, Wakristo wa makanisa ya kilokole waliuona utaratibu huo kuwa ushirikina na kuukataa.

Turudi stendi, maana miezi iliyotangulia Juni 2003 inaeleza kwa nini wazee walifika huko. Machi 2002 jeshi la Uganda lilianzisha operesheni ya kuwafuata LRA ndani ya Sudan. Waasi wakateleza, wakarudi Uganda kwa hasira, na vita vikapanuka badala ya kwisha. Mwaka huohuo sheria mpya ya ugaidi ilifanya kuwasiliana na LRA kuwa jambo la hatari kisheria, wakati kazi ya ARLPI ilikuwa ni kuwasiliana nao. Agosti 2002 mapadri watatu wamisionari waliokwenda kuonana na waasi walikamatwa na jeshi na kuwekwa kizuizini. Upande wa pili haukuwa salama zaidi, kwani mwezi Juni 2003 zilienea taarifa kwamba Kony ameamuru misheni za Kikatoliki zishambuliwe na mapadri wauawe. Mwezi huohuo waasi waliingia eneo la Teso, na wanafunzi wakatekwa katika shule ya wasichana ya Lwala. Serikali iliwatuhumu viongozi wa dini kwamba wanawaonea waasi huruma, waasi wakawaona majasusi wa serikali, na mazungumzo yaliyokuwa yamejaribiwa mapema mwaka huo yalikuwa yamevunjika.

Katika hali hiyo, kulala stendi lilikuwa tendo la watu waliobakiwa na nyenzo chache. Hawakuwa na askari wala kura, na maneno yao yalikuwa yamekwisha kusemwa. Walichokuwa nacho ni miili yao na heshima ya vyeo vyao, wakaviweka vyote chini kwenye sakafu ileile. Ukubwa wa tendo hilo, nionavyo, hauko katika kuwafariji watoto, ambao askofu akiondoka walibaki palepale. Uko katika aibu liliyoileta. Dola iliyodai kwamba vita viko ukingoni kwisha ilionyeshwa askofu mkuu na kadhi wakilala nje katika mji wenye kambi ya jeshi. Waandishi wa habari walikuja. Miezi michache baadaye, Novemba 2003, Jan Egeland wa Umoja wa Mataifa alifika kaskazini na kuieleza dunia kwamba hilo lilikuwa janga kubwa lililosahauliwa. Sidai kwamba siku zile nne ndizo zilizomleta. Viongozi wa dini walizidi kuhimiza, na mwaka 2004 ARLPI ikatunukiwa Tuzo ya Amani ya Niwano ya Japani. Kambini hali iliendelea kuwa mbaya, na uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Uganda na washirika wake mwaka 2005 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,000 walikuwa wakifa kila wiki kupita kiwango cha kawaida, wengi wao kwa malaria na maradhi mengine na si kwa risasi.

Kufikia hapo serikali ilikuwa imekwisha kulipeleka suala la LRA kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, na mwaka 2005 hati za kukamatwa zikatolewa kwa Kony na makamanda wake Vincent Otti, Raska Lukwiya, Okot Odhiambo na Dominic Ongwen. Viongozi wa dini na wa kimila walisafiri hadi The Hague mwezi Machi mwaka huo kuomba mahakama isiwafungie mlango wa mazungumzo. Walipingwa na watu wa haki za binadamu kwa hoja nzito, kwamba amani bila haki haidumu. Nao walijibu kwamba wanaosema hivyo hawalali Gulu. Mazungumzo ya serikali na LRA mjini Juba yaliyoanza Julai 2006 yalileta usitishaji wa mapigano mwezi Agosti, na watu wakaanza kutoka kambini. Kuhusu hilo ni vigumu kubishana: watoto waliacha kulala stendi. Lakini Kony hakusaini mkataba wa mwisho mwaka 2008, akisisitiza juu ya hati zile, na baada ya jeshi la Uganda kushambulia maficho yake katika msitu wa Garamba Desemba 2008, LRA iliwashukia wanavijiji wa Haut-Uele nchini Kongo, katika maeneo ya Faradje, Doruma na Duru, siku za Krismasi, na zaidi ya watu 800 wakauawa katika majuma machache. Wakongo hao hawakuwamo katika mashauriano ya 1998 wala katika neno timo kica. Gulu ilipata amani yake kwa vita kuhamia kwa watu wengine, na nadhani hili linapaswa kusemwa hata na sisi tunaowaheshimu wazee wale.

Swali la nani anasamehe kwa niaba ya nani likaishia mahakamani. Mei 2012 serikali iliiacha sehemu ya msamaha katika sheria ile ikwishe muda wake. Viongozi wa dini na asasi za kiraia walipinga, na mwaka mmoja baadaye ikarudishwa. Lakini kwa baadhi ya watu mlango ulikwisha kufungwa. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto akielekea shuleni, alipatikana na hatia mbele ya ICC mwezi Februari 2021 kwa makosa 61, yakiwamo ya mashambulizi ya Pajule, Odek, Lukodi na Abok, akahukumiwa miaka 25. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, naye alitekwa akiwa mtoto, akakamatwa Kongo mwaka 2009, akaomba msamaha uleule waliopewa maelfu ya wenzake. Mahakama ya Katiba ilimkubalia mwaka 2011, Mahakama ya Juu ikakataa mwaka 2015, na Oktoba 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 40 na mahakama ya Uganda iliyokaa Gulu, mji uleule. Waathirika walihudhuria. Safari hii waliitwa kwa majina, mmoja mmoja, wakaulizwa nini kiliwapata.